Saa mbili nakula saladi, saa tano nafunua sufuria ya wali

Dada, shikamoo.

Naomba jina langu usilitaje, mji wetu ni mdogo. Nina miaka 41, watoto watatu, nauza kanga na vitenge hapa Mtwara mjini. Kwetu ni Newala, mume wangu ni mtu wa Mikindani. Anafanya kibarua ghalani, na korosho zikianza kuingia mwezi wa 10 huwa hatuonani vizuri mpaka mwaka mpya.

Mwezi wa 8 nilikwenda kupima kwa sababu kichwa kilikuwa kinaniuma kila jioni. Presha ikasoma 148 kwa 94. Nikaitwa tena wiki iliyofuata, ikawa palepale. Mzani ukasema kilo 91. Nesi hakunitisha. Alisema tuanze na chakula kwa miezi mitatu, halafu ndiyo tuzungumze habari ya vidonge. Nipunguze wanga, chumvi na mafuta, nile mboga kwa wingi.

Nikaingia kwenye simu kutafuta saladi. Mabakuli mazuri kweli: majani ya saladi yamekunjamana, jibini, zeituni, vitu vyekundu ambavyo hata jina sivijui. Nilijikaza nikanunua mayonezi na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni kwa shilingi 18,000, jibini nikaliacha palepale dukani. Sasa kila usiku nakata tango zima, nyanya mbili, kabichi na karoti, nakamulia ndimu, naweka na mayonezi kidogo nikihisi pakavu. Asubuhi nakunywa chai ya rangi na chapati moja. Mchana dukani mara nyingi sili, naogopa kuharibu.

Dada, saa mbili nakula, saa tano usiku tumbo linanguruma kama boti la mashine. Nanyata jikoni, nafunua sufuria ya wali wa nazi, nakula kiporo kwa mkono nikiwa nimesimama gizani. Juzi mwanangu wa miaka tisa aliamka kunywa maji akanikuta. Akaniangalia, akauliza: "Mama, kumbe umefunga?" Nililia nilivyorudi kulala.

Nyumbani tulikuwa tunakula sinia moja. Tangu nianze bakuli langu, mume wangu anakula kidogo na kunyamaza. Siku moja alisema, "Umetutoka." Nikamwambia nataka tu kupungua mwili. Habari ya presha sijamwambia, nisimtie wasiwasi msimu huu wa kazi. Siku hizi mara nyingine anarudi ameshakula chipsi huko nje. Mtaani nako wameanza kusema nimepungua kwa ugonjwa, na unajua wakisema ugonjwa wanamaanisha upi.

Mama mkwe anakuja mwezi ujao kukaa nasi. Alipopita mara ya mwisho aliliona bakuli langu akasema majani ni chakula cha mbuzi, na kwamba mtu haachi mbachao kwa msala upitao.

Naona sina msimamo. Nifanyeje saladi inishibishe niache kuiba wali wangu mwenyewe? Na je, niendelee na bakuli langu au nirudi kwenye sinia kabla sijapoteza vyote viwili?

Mwenye njaa ya usiku, Mtwara


MAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kichwa, na pole zaidi kwa lile swali la mtoto. Nimecheka, sikufichi, kisha nikaisoma barua yako tena na kicheko kikakata.

Nikikuelewa vizuri, unabeba njaa mbili. Moja ni ya tumbo, na hiyo nitaisema kwa urefu kwa sababu ina dawa jikoni mwako. Nyingine ni ya sinia. Hiyo sina hakika kama bakuli lolote linaweza kuituliza, ila tutaizungumza.

Unasema huna msimamo. Hebu tupige hesabu. Tango zima, nyanya mbili, konzi ya kabichi na karoti moja, ukiacha mayonezi, hazifiki kalori 150. Tango karibu lote ni maji, asilimia 95, na nyanya haiko mbali na hapo. Mwanamke wa umri wako anayesimama dukani kutwa anahitaji kama kalori 2,000 kwa siku, na hata anayejipunguza hashuki hivyo. Wewe asubuhi umekula chapati, mchana hukula, usiku umekunywa maji yaliyokatwakatwa. Mwili uliokuamsha saa tano ulikuwa unadai haki yake, na sidhani kama kuna msimamo unaoweza kuushinda kwa miezi mitatu. Naona hata kiporo hakianzii usiku. Kinaanzia mchana, pale unapofunga mlo ukidhani unaokoa kitu.

Jambo jingine nalisema polepole. Nesi alisema punguza, wewe umesikia acha. Alisema mboga kwa wingi, simu ikakutafsiria kuwa ni majani ya saladi na jibini. Lakini wewe ni mtoto wa Newala. Umekula mbaazi mbichi za kuchemsha na maganda yake, umekula ming'oko, vile viazi vya porini, umekula majani ya kunde kabla hujaijua hiyo zeituni ya shilingi 18,000. Hiyo chupa usiitupe, itumie kwa kijiko cha chai. Ila usidhani shibe ilikuwa ndani yake.

Saladi inayoshibisha inataka vitu vitatu ambavyo bakuli lako halina: protini, nyuzinyuzi, na mafuta kidogo. Protini hukaa na mtu muda mrefu. Nyuzinyuzi hujaza tumbo na kulipunguzia mwendo. Mafuta kidogo hufanya chakula kisikimbie, na pia yanausaidia mwili kunyonya kile cha kwenye karoti kinachogeuka vitamini A. Mboga mbichi zinaongeza ukubwa wa bakuli, rangi na kutafuna. Zikiwa peke yake ni kachumbari, na kachumbari kwetu haijawahi kuitwa chakula. Ni mwenzake chakula.

Anza na kunde. Kikombe kimoja cha kunde zilizochemshwa kina kalori kama 200, protini gramu 13 na nyuzinyuzi gramu 11 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa hiyo kikombe kimoja kinakufikisha karibu nusu ya safari. Ziloweke usiku, umwage maji, uchemshe bila chumvi, na uziepue zikiwa zimeiva lakini bado nzima. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanazipika za mchuzi zikapondeka. Zichuje, na zikiwa bado vuguvugu zikamulie ndimu na uchanganye kitunguu kilichokatwa kwa wembamba. Kunde ya moto inanyonya, ya baridi inakataa. Kama hujazizoea kwa wingi anza na nusu kikombe wiki ya kwanza, tumbo lisije likakuaibisha mbele ya wateja. Mbaazi kavu na choroko zinafanya kazi hiyohiyo, na choroko haina haja ya kulowekwa usiku kucha.

Kabichi ikate nyembamba sana, ifikiche na ndimu, uiache dakika kumi ilegee. Karoti iparuze. Tango likate katikati, ukwangue mbegu na maji yake, na uliweke mwisho kabisa wakati wa kula. Usipofanya hivyo, baada ya robo saa bakuli linakuwa supu ya baridi, na nadhani ndiyo maana ulikuwa unaona panahitaji mayonezi. Kijiko kimoja kikubwa cha mayonezi ni kalori 90 na zaidi, na hakuna anayeweka kimoja.

Badala yake, uko Mtwara. Twanga konzi ndogo ya korosho, kama gramu 30, uzisage na maji kidogo, ndimu, punje ya kitunguu swaumu na pilipili. Inatoka nzito kama tui, nyeupe, ina utamu wake. Hiyo ndiyo ya kumwagia. Korosho hizo ziwe zisizo na chumvi, na uzipime kabla hujakaa nazo. Gramu 30 ni kalori 160 hivi. Ukila konzi mbili huku mnapiga soga, umepita kikombe cha wali mweupe bila kujua, na msimu huu korosho ziko kila upande. Siku nyingine weka kijiko kikubwa cha ufuta uliokaangwa mkavu mpaka unukie, ule unaolimwa kwa wingi na majirani zetu wa Lindi.

Juu ya hapo weka yai moja la kuchemsha, au samaki wa kuchoma aliyechambuliwa, au pweza. Pweza ni zawadi kwa mtu wa hali yako: gramu 100 za pweza aliyepikwa zina protini karibu gramu 30 na mafuta kidogo sana. Ila ana chumvi yake ya baharini, kwa hiyo usimwongezee. Ng'onda na samaki wengine wa chumvi waache kwanza. Hata ukiwaloweka wanabaki na chumvi, nawe unatakiwa usivuke gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, mkate na chapati vikiwemo. Ndimu, pilipili na tangawizi vinaudanganya ulimi vizuri sana hapo. Na ukiosha kitunguu kwa chumvi kupunguza ukali, kisuuze mpaka chumvi iishe.

Wanga nao usiufukuze. Vipande vya kiazi kitamu kilichochemshwa na kupoa, au ming'oko ukiipata, au muhogo uliochemshwa, ujazo wa ngumi yako, changanya humohumo. Nakuonya jambo moja kwa sababu simu inasema kila jani linaliwa bichi: kisamvu hapana. Kisamvu kibichi kina sumu inayotoka kwa kutwangwa na kuchemshwa sawasawa, kama mama zetu walivyofanya siku zote bila kuambiwa na mtu. Muhogo nao usiukatie mbichi kwenye bakuli.

Mboga za kuliwa mbichi zioshe kwa maji yaliyochemshwa au yenye dawa, hasa masika. Na bakuli lenye samaki lisilale mezani kwa joto la huku. Lako likibaki, asubuhi ni la kuku.

Bakuli kama hilo, lenye kunde, korosho, pweza kidogo na mboga, linafika kalori 500 na zaidi. Huo ni mlo. Kulila saa sita mchana dukani na kulila saa mbili usiku ni mambo mawili tofauti, na ningependa ujaribu yote mawili uone usiku unakwendaje. Kunde na kabichi zinavumilia kopo mpaka mchana, ilimradi samaki umwache nyumbani, yai ulimenye hapohapo, na tango likatwe papo hapo. Matokeo ya presha usiyahukumu mwenyewe. Rudi kwa nesi siku aliyokupa, na akikwambia vidonge, havimaanishi kwamba saladi imeshindwa. Na kama amewahi kukugusia habari ya figo, muulize juu ya kunde na viazi kabla hujavizidisha.

Sasa sinia.

Nimerudia mara tatu ule mstari wako, "nikamwambia nataka tu kupungua mwili." Jiweke upande wake. Mkewe, bila sababu anayoijua, ameanza kujipunguza, ameacha kula naye, usiku anaamka. Yeye msimu huu hayupo nyumbani kutwa. Mtaani wanasema ugonjwa. Huenda naye amesikia na hajui akuulizeje. Neno "umetutoka" wewe umelisikia kama lawama. Mimi, nikiwa mbali na bila kumwona uso, nalisikia kama swali. Naweza kuwa nimekosea, wewe unamjua.

Kumwambia habari ya 148 kwa 94 kuna hatari zake. Anaweza kutaharuki, akakataza hata duka. Anaweza kumwambia mama yake, na ikafika Mikindani imegeuka kiharusi. Kunyamaza nako kuna gharama, na nadhani umeshaanza kuilipa kwa chipsi zile anazokula nje. Kuna njia ya katikati: kumwomba akusindikize siku ya kupima, akasikia kwa nesi mwenyewe, ingawa katika msimu wa ghala siku hiyo haipatikani kirahisi, na yeye anaweza kujiuliza kwa nini umesubiri mpaka huko. Wewe ndiye unayejua lini anasikiliza. Wengine husikiliza wakiwa wameshiba, wengine wakiwa wanatembea.

Ukirudi kwenye sinia, je? Unaweza kuipandisha kachumbari ya kunde humohumo, rundo lake kubwa upande wako, wali upande wao, samaki katikati. Utakuwa umerudi, na mkono wako utakuwa na pa kwenda. Ubaya wa sinia ni kwamba halina kipimo. Mkono unafuata mazungumzo, na mazungumzo yakinoga wali unakwisha bila mtu kujua nani kala. Tena watoto wanaweza kuzipenda zile kunde wakakuachia mabua ya kabichi. Wapo wanaokula bakuli lao mapema, saa kumi na mbili, kisha wakaketi kwenye sinia kwa matonge machache ya kusindikiza. Inawafaa baadhi. Wengine wanajikuta wamekula milo miwili. Na ukiamua kubaki na bakuli lako, basi angalau likae kwenye mkeka uleule, saa ileile, maana kutoka kwenye chakula na kutoka kwenye mkeka si kitu kimoja. Kuwageuza wote wale saladi ningekwenda nako taratibu. Watoto wanakua, na baba yao anabeba magunia. Wali wao hauna kosa.

Mama mkwe asikuogopeshe. Amesema majani ni chakula cha mbuzi, nami nina hakika mbuzi anayemjua zaidi jikoni ni yule wa kukunia nazi. Mtu wa Mikindani aliyeona wanawake wakishuka na vijiti kuwinda pweza maji ya bamvua yanapotoka, ukimwekea mbele yake pweza mzima na kumwomba akufundishe kumlainisha, atasema hajui? Mwache apike yeye. Hatari ipo moja na ni kubwa: atataka tui la kwanza, zito, la nazi mbili. Ungeweza kumwomba akutolee sehemu yako kabla tui halijaingia, kwa heshima, ukisema nesi kakataza. Ila hapo utakuwa umeshaitaja presha, kwa hiyo panga nani asikie kwanza, yeye au mwanawe.

Na huyo msala upitao mwache apite. Kunde na pweza si msala, ni mbachao wenyewe, hata yeye atauona.

Majirani nimewaweka mwisho kwa makusudi, na sina mengi. Wakiona unanunua kunde kilo mbili watatafuta habari nyingine.

Mwanao wa miaka tisa umemjibu nini? Hukuandika. Alikuuliza bila ubaya, na watoto wa umri huo wakikosa jibu hujitungia lao. Huenda hamhitaji maneno marefu. Kunde zinahitaji kuchambuliwa mawe kabla ya kulowekwa, na vidole vyake vidogo vinaiweza kazi hiyo akiwa amekaa karibu nawe, akiuliza anachotaka.

Niandikie mama mkwe akishafika. Nataka kujua yule pweza aliishia wapi, bakulini kwako au kwenye tui.